Kabla ya kuunganisha vijiji kuwa kata, kagua mpaka

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya ramani, hili lilinipotezea siku mbili. Nilipewa leya (tabaka la ramani) ya vijiji nitoe leya ya kata. Nikafungua QGIS, programu ya ramani, nikaendesha Dissolve, zana ya kuunganisha maumbo, kwa kutumia safu ya jina la kata, nikachapisha. Mkubwa wangu wa kazi akaweka kidole katikati ya kata moja, akauliza, "Hapa pana ziwa?"

Hapakuwa na ziwa. Vijiji viwili vilichorwa na watu wawili, kila mmoja akafuata mto kwa mkono wake. Kwa mbali unaona mstari mmoja. Ukikuza hadi 1:50, ni mistari miwili: hapa imeachana, mbele kidogo imepishana. Programu haiujui mto, inajua nukta tu. Nukta za majirani zisipolingana, mwanya unabaki, na ukishaunganisha unageuka shimo ndani ya kata.

Kwa hiyo, ukichora upya, washa kwanza unasaji wa nukta (snapping), unaofanya nukta mpya ishike iliyo karibu, na uhariri wa kitopolojia (topological editing), ili ukisogeza nukta ya kijiji kimoja, ya jirani ifuate. Kwa data ya zamani, tumia Topology Checker, kikaguzi cha mipaka ndani ya QGIS, na kanuni mbili: pasiwe na mwanya, pasiwe na mpishano. Ukingo wa nje wa ramani nzima ukiripotiwa kama mwanya, huo uache.

Unapozivuta nukta zikutane, hakikisha kwanza data iko katika mita. Kwa sehemu kubwa ya mashariki mwa Tanzania, mfumo wa mita ni UTM kanda ya 37 Kusini. Ukiandika 0.5 kama umbali wa kuvuta kwenye data ya digrii, umeiruhusu programu isogeze nukta hadi kilomita 55 hivi. Na usizibe kila mwanya. Wa sentimita chache ni mkono wa mchoraji. Wa mita 40 huenda ni mgogoro wa ardhi, na huo unaamuliwa na wanavijiji wenyewe, si wewe na kompyuta yako.

Unganisha kwa msimbo wa kata, usitumie jina. Kuna Majengo Dodoma na Majengo Songea. Ukitumia jina, zote zinakuwa kata moja. Kisha tazama safu ya idadi ya watu: Dissolve hubakiza thamani ya kijiji cha kwanza tu. Ukitaka jumla, tumia zana ya Aggregate.