Presha ya mumeo imeshuka, lakini ni nani aliyeishusha?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36 na ndoa yetu ina miaka tisa. Mume wangu aligundulika na presha mwaka juzi. Nikampata mtaalamu mmoja mtandaoni, ana wafuasi zaidi ya laki tatu, anaeleza mambo hadi unaelewa na anajibu kila swali. Nikajiunga na darasa lake, nikanunua dawa yake ya unga, vidonge vya hospitali nikavitupa mwenyewe siku tulipoanza dozi. Huu mwezi wa tano presha inasoma vizuri, kichwa hakimuumi, na nimerekodi ushuhuda ambao mtaalamu ameurusha kwenye ukurasa wake. Badala ya shukrani, mume ameanza vituko. Kila jioni lazima apitie kwa mama yake kabla ya kuja nyumbani, hata Jumapili. Nikiuliza, anasema anamjulia hali. Mama huyo hajawahi kunipenda. Baba mkwe alifariki kwa kiharusi zamani, na mpaka leo mama anatumia kifo hicho kumtisha mwanawe. Mtaalamu alishatuonya kwamba ndugu watapinga kwa sababu ya wivu. Juzi mume ameniambia nifute ushuhuda. Nimekataa, akalala sebuleni. Nifanyeje nimrudishe mume wangu kutoka mikononi mwa mama yake? Mke aliyechoka."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako, na pole kwa hofu uliyoipata siku uliyoambiwa mumeo ana presha. Hofu hiyo ndiyo iliyokupeleka kwa huyo mtu, naielewa. Huruma yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma namwona mumeo, simwoni mama mkwe mchawi.

Mtu anayekwenda kumjulia mama yake hali huruka siku. Mvua ikinyesha haendi, akichoka haendi, akichelewa kazini hupiga simu. Asiyeruka hata siku moja, mwenye saa yake maalumu, huyo ana dozi. Vidonge vingi vya presha humezwa kila siku, saa ileile. Wewe ulivitupa vya kwanza. Mwanaume aliyempoteza baba yake kwa kiharusi, unadhani alirudi kutoka hospitali akakubali kuishi bila dawa kwa sababu ya video? Ninavyoona mimi, anasimama jikoni kwa mama yake na glasi ya maji mkononi, anameza, anapangusa mdomo, kisha anakuja kwako kunywa na huo unga ili pasiwe na ugomvi. Siwezi kuapa, sikuwepo. Lakini weka barua yako mezani, uisome kama ya mwanamke mwingine, uniambie wewe ungefikiri nini.

Kama ndivyo, basi presha imeshushwa na vidonge vya hospitali, na sifa umempa mwenye unga. Mumeo anajua hivyo. Ndiyo maana anataka ushuhuda ufutwe. Hana aibu na wewe. Anamfikiria mtu asiyemjua, mgonjwa kama yeye, atakayekuona ukilia kwa furaha kwenye simu, naye aende kabatini kutupa vidonge vyake. Huyo hana mama wa kumfichia vingine.

Hivi ndivyo shuhuda zinavyotengenezwa, tena nyingi bila mtu kukusudia kudanganya. Mgonjwa anatumia vitu viwili, anasimulia kimoja. Au alikuwa anaelekea kupona mwenyewe. Aliyezidiwa harekodi video, na akiandika maoni yanafutwa. Niliwahi kukaa kwenye laivu ya mmoja wa wauzaji hao wa dawa mtandaoni zaidi ya saa nzima. Mama mmoja akauliza kama dawa hiyo inamfaa mwenye figo mbovu. Akaambiwa aondoe hofu. Akauliza tena. Swali lake likatoweka, naye hakuonekana tena pale, na shuhuda zikaendelea.

Wapo pia wanaodanganya kwa makusudi. Huko Australia mwanamke anayeitwa Belle Gibson alijipatia jina kubwa akisema ana saratani ya ubongo na anajitibu kwa chakula na njia za asili. Watu walimwamini, walimlipa. Mwaka 2015 alikiri kwamba hajawahi kuwa na saratani hiyo, na mwaka 2017 mahakama ikamtoza faini ya dola 410,000 za Australia. Waliomfuata hawakuwa wajinga. Walikuwa na hofu, kama wewe.

Unasema kichwa hakimuumi. Mwanangu, presha kwa kawaida haina dalili. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 akijiona mzima, huku mishipa, moyo na figo vinaumia taratibu. Anayekwambia "sikiliza mwili wako" kuhusu presha hajui anachokisema, au anajua na hajali. Baadhi ya dawa za presha ukiziacha ghafla, presha hupanda kwa kasi kuliko hata ilivyokuwa. Wewe ulizitupa kwa siku moja! Kama mumeo asingekimbilia kwa mama yake, huenda leo ungekuwa unaniandikia barua ya namna nyingine. Wala usinijibu kwamba unga ni wa asili. Mzizi wa likorisi ni wa asili kabisa, na ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha.

Sasa kuhusu huyo mtaalamu wako. Umenipa sababu tatu za kumwamini: wafuasi laki tatu, anaeleza vizuri, anajibu kila swali. Hakuna hata moja inayohusu udaktari. Wafuasi wanaonyesha kwamba watu wanapenda kumtazama. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza habari zilizosambazwa Twitter (sasa X) kwa zaidi ya miaka kumi, wakakuta habari za uongo zinakwenda mbali na kwa kasi kuliko za kweli, na wanaozisukuma ni watu wenyewe, kwa sababu uongo una jambo jipya la kushangaza. Hata ile alama ya bluu ya kuthibitisha akaunti, mtandaoni humo inauzwa tangu mwaka 2022. Na huko kujibu kila swali ndiko kunakonitisha zaidi. Anayeijua kazi yake anajua pia inapoishia. Atakwambia "hilo si eneo langu", atakuuliza unatumia dawa gani nyingine, atakurudisha kwa daktari aliyekupima. Wako alikuuliza lipi kabla ya kukuuzia? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu anajitembeza asubuhi, mchana na usiku.

Ukitaka kumjua mtu, toka kwenye ukurasa wake. Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwaweka wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari mbele ya tovuti wasizozijua. Wasomi wengi walibaki ndani ya ukurasa wakiukagua, wakavutwa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliondoka mapema, wakaenda kutafuta wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti, na ndio walioujua ukweli haraka. Fanya hivyo leo. Andika jina lake kamili, siyo jina la ukurasa. Nchi nyingi zina baraza la madaktari lenye daftari la waliosajiliwa. Uliza kama yumo. Asipokuwa na jina kamili la kuulizia, umeshapata jibu.

Akiwemo, bado usilale. Andrew Wakefield alikuwa daktari kweli, na mwaka 1998 aliandika katika jarida kubwa la Uingereza, The Lancet, makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, kwa kutazama watoto 12 tu. Wengine walipochunguza watoto wengi zaidi hawakuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala, naye akaondolewa kwenye daftari la madaktari. Kwa hiyo uliza pia kama wenzake wa fani hiyo, wasiouza alichonacho, wanakubaliana naye.

Nirudi kwenye sentensi iliyoniuma kuliko zote: "ndugu watapinga kwa sababu ya wivu." Mtu akitaka kukuuzia kitu, kisha akakuonya mapema usiwasikilize wanaokupenda, ameshajenga ukuta kabla hujaanza kugombana nao. Mama mkwe alipofungua mdomo, ukamsikia kwa masikio ya muuzaji. Haya ndiyo ninayoyaona katika ndoa nyingi siku hizi. Mke na mume wamelala wamepeana mgongo, kila mmoja ana mwalimu wake kwenye simu. Wa mke anamfundisha dalili kumi za mume asiyempenda, wa mume anamfundisha jinsi mke anavyotakiwa kutii. Nyumba za walimu hao hakuna anayezijua, hujui kama wamewahi kudumu na mtu hata mwaka mmoja, na kesho nyumba yako ikivunjika watakuwa laivu kama kawaida. Mumeo alikuwa hapo, sentimita thelathini kutoka mgongo wako, na hamkuulizana lolote. Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Mbachao wako amelala sebuleni.

Tena amekustahi sana. Angeweza kukuumbua mbele ya watu kwamba ulitupa dawa zake. Amechagua kuzunguka kwa mama yake kila jioni miezi mitano, ameonekana mtoto wa mama, amenyamaza. Na mama, aliyemzika mumewe kwa kiharusi, amemtunzia mwanawe vidonge bila kuja kukupigia kelele mlangoni. Wewe unamwita adui.

Basi fanya hivi. Ushuhuda ulioko kwako ufute leo, ulioko kwake mwandikie autoe. Akikataa, ripoti video hiyo, na uandike chini yake kwamba mumeo anatumia dawa za hospitali. Huo unga usimpe tena. Mpeleke mumeo kliniki nao ukiwa mkononi, daktari auone na ajue amekuwa akichanganya nini.

Kisha jioni nenda kwa mama mkwe kabla mumeo hajafika. Usianze na habari za ndoa. Mwamkie, mwombe radhi, mwombe akuonyeshe vidonge vinapokaa. Mumeo akiingia akukute wewe ndiye uliyeshika ile glasi ya maji.