Kabla hujapiga Windows upya kwa sababu ya draiva

Wadogo zangu wa mezani, nawapenda, lakini hii tabia ya kufuta mashine ya mtu kila mkiona alama ya mshangao ya njano itanipa presha. Jana kijana kapiga Windows upya kwa sababu Wi-Fi haionekani. Ilikuwa imezimwa kwenye kibodi.

1. Soma namba. Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, haiweki ile njano kwa urembo. Code 28, draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) haipo, katafute. Code 22, kuna mtu kakizima kifaa, kiwashe ukale. Code 43, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, kwa hiyo badilisha waya na tundu la USB kwanza. Ukiniletea "inagoma tu, bro" bila namba nakurudisha kwenye kiti.

2. Unknown device ina jina lake. Fungua Properties, Details, Hardware Ids. VEN ni mtengenezaji: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni NVIDIA. DEV inayofuata ndiyo kifaa chenyewe. Halafu nenda tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Hizo programu za kumwaga draiva zote kwa mkupuo, zinazoacha na brauza ambayo hakuna aliyeiomba, nisizikute kwenye flashi yako.

3. Ukishaweka draiva bonyeza Restart, usizime na kuwasha. Fast Startup, mpangilio wa kuwasha Windows haraka, ikiwa imewashwa, Shut down haiizimi Windows yote.

4. Usiguse BIOS (programu ya kwenye bodi inayoamsha mashine) kabla hujaangalia BitLocker (kufuli la Windows la diski). Hili nimelilipia.

Mwalimu mmoja alileta laptopu haina sauti. Device Manager safi, njano hakuna hata moja. Hapo ningeacha draiva nikatafute kwingine, lakini mteja alikuwa amekaa pembeni ananitazama, na fundi aliyetulia anafikiri huonekana kama fundi asiyejua. Nikaondoa draiva ya Realtek, nikairudisha. Kimya. Nikaweka toleo la zamani. Kimya. Nikaona mtengenezaji katoa BIOS mpya, nikaipakia, kisa tu ilikuwepo. Mashine ikawaka na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48.

Nikamwangalia mwalimu, mwalimu akaniangalia.

Kwa mashine za nyumbani ufunguo huo huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza. Yake ilifunguliwa na muuzaji, kwa barua pepe aliyoibuni palepale ili amalize biashara, na dukani hakuna aliyeikumbuka. Nikarudisha BIOS ya zamani, wapi. Maksi za kidato cha pili, maandalio ya masomo, picha za msiba wa baba yake, vyote vimo ndani ya diski nzima isiyo na ubovu wowote, na hakuna wa kuifungua. Nikapiga Windows upya kwa ruhusa yake. Sauti bado hakuna! Ndipo nikasoma kilichoandikwa kwenye alama ya spika: Headphones. Hakuna kilichochomekwa. Nikamulika tundu kwa tochi ya simu, ncha ya hedifoni ilikuwa imekatikia humo. Nikaitoa kwa sindano yenye tone la gundi.

Nilipompigia aje kuichukua hakunitukana. Aliuliza tu, "Fundi, lakini sauti imerudi?" Imerudi, mwalimu. Pesa yake sikuichukua, na hadi leo akipita mtaani mimi ndiye ninayewahi kusalimia.

Kwa hiyo: fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama administrator, andika manage-bde -status kwanza, uone kama BitLocker imewashwa. Ikiwa imewashwa, mteja akuonyeshe ufunguo kwa macho yako, ndipo uandike manage-bde -protectors -disable C: kuisimamisha kwa muda, na kuendelea.

5. Diski haionekani unapopiga Windows? Kwa Intel za kizazi cha 11 kuendelea, mara nyingi SSD (diski) haina ubovu, ni VMD tu, mpangilio wa Intel unaoificha diski mpaka Windows ipewe draiva yake, RST. Fungua kifurushi cha draiva ya RST kwenye flashi na ubonyeze Load driver. Wiki iliyopita mmoja wenu alishamwambia mama wa watu anunue SSD nyingine, na mama alikuwa ameshaanza kuhesabu noti.

6. Kabla ya kufuta chochote, andika amri ya pnputil /export-driver * na folda iliyo kwenye flashi, draiva zote zisizokuja na Windows yenyewe unaondoka nazo. Wi-Fi ikikosa draiva, chomeka simu kwa waya na uwashe USB tethering, simu iigawie kompyuta intaneti. Bando ni lako, msije kuniomba langu.