Banda la Sabasaba kwa kampuni ya watu watatu

Ndugu yangu, umeuliza kama nyie watatu, wenye programu ya kutunza stoo za maduka ya dawa, mchukue banda Sabasaba, yale maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, au hela iende kwenye matangazo. Chukueni, ila dogo, na TanTrade, wanaoyaandaa, muwaone mapema. Intaneti ya pale msiitegemee kabisa. Mwaka wetu wa kwanza tulifungua programu mbele ya mama mmoja wa duka la jumla, kiduara kikazunguka weee, akasema "nitapita baadaye". Hakupita. Siku hizi kila kitu kimo ndani ya laptopu, kinafanya kazi bila mtandao, na kina majina anayoyajua mteja: Panadol, siyo "Bidhaa A".

Viwanja vile vya Barabara ya Kilwa hujaa familia, hasa tarehe 7 Julai yenyewe. Watoto watawamalizia pipi. Wanunuzi wetu wengi walikuja asubuhi, siku za kazi. Mpe mtu simu aguse mwenyewe, wewe nyamaza. Namba yake iandike daftarini pamoja na shida aliyoitaja, umpigie jioni hiyohiyo. Vipeperushi? Hamsini tu, vingi huishia kufungia karanga.