Kabla ya Kufua Sare, Fungua Dirisha

Muuguzi yeyote aliyekuwa kazini mwaka 2020 anaijua ile ibada ya mlangoni. Viatu vinabaki barazani, sare inavuliwa bafuni na kuzamishwa kwenye ndoo ya maji ya jiki, simu inafutwa kwa spiriti, watoto wanafokewa wasisogee mpaka mama aoge. Wengine tunaendelea nayo hadi leo, na sina ugomvi nayo. Ila nimefanya kazi wodi ya watoto, kisha kliniki ya kifua kikuu, kwa muda wa kutosha kuona kwamba magonjwa ya njia ya hewa hayatufuati nyumbani kwenye sare. Yanakuja vifuani mwetu wenyewe. Ukishaambukizwa, hata uoge mara tatu, ukikaa na bibi sebuleni mnaangalia tamthilia madirisha yamefungwa, utamwambukiza.

Tuimalize habari ya nguo kwanza, maana ndiyo ninayoulizwa sana na wahudumu wapya. Vipo virusi vinavyokaa juu ya vitu. Kile kinachoitwa RSV, kinacholaza watoto wachanga kwa kubanwa kifua, kinaweza kudumu saa kadhaa juu ya meza au kitasa cha mlango, na muda mfupi zaidi kwenye mikono na nguo. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto, fua sare kwa maji na sabuni ya kawaida, anika juani, yatosha. Kifua kikuu chenyewe hakisambai kwa nguo, wala kwa sahani, wala kwa kikombe. Jiki uliyokuwa unaimwaga kwenye sare mpaka ikafubaa, ibakize kwa ajili ya choo.

Kuna utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la BMJ ambao kila inchaji wa wodi angepaswa kuusoma. Walichukua kumbukumbu za wahudumu wa afya zaidi ya 158,000 na watu karibu 230,000 wanaoishi nao, wakatazama nani alilazwa kwa UVIKO-19 kati ya Machi na Juni mwaka ule. Katika kila wagonjwa sita wa umri wa kufanya kazi waliolazwa, mmoja alikuwa mhudumu wa afya au mtu wa nyumbani kwake. Wahudumu wanaogusana na wagonjwa walikuwa na hatari ya kulazwa mara tatu ya wenzao wasiogusana nao. Na watu wa nyumbani kwao, ambao hawakuwahi kuikanyaga wodi, hatari yao ilikaribia mara mbili ya ile ya familia za hao wenzao. Hapo wamehesabiwa waliolazwa tu. Waliougulia kitandani kwao hawamo. Tena Scotland nyumba nyingi ni za mtu mmoja au wawili. Sasa weka nyumba yetu: bibi, wapwa wawili waliokuja kusoma, dada wa kazi, na kitinda mimba anayenyonya.

Basi tuanzie mahali ambapo mimi naamini ugonjwa mwingi tunauchukulia, napo si kitandani kwa mgonjwa. Ni chumba cha chai. Kwa mgonjwa tunavaa barakoa na tunajihadhari, kisha tunaingia watu wanane kwenye kichumba chenye kiyoyozi, barakoa zinashushwa kidevuni, chapati zinapitishwa, na yule mwenzetu mwenye "mafua kidogo tu" anasimulia habari za mkutano huku anakohoa. Hatumwogopi kwa sababu ni mwenzetu. Kunyweni chai nje, chini ya mwembe ikiwa upo, au mpeane zamu wawili wawili. Ripoti ya kupokezana zamu nayo si lazima isomwe ofisini kumefungwa. Ubaraza wenye upepo unafaa, mradi wagonjwa na ndugu zao wasisikie siri za watu.

Kuhusu barakoa nitasema machache. Ile ya kawaida mvishe mgonjwa anayekohoa, izuie anachotoa. Wewe unayeingia chumba cha mgonjwa wa kifua kikuu unahitaji N95, ile barakoa nzito inayochuja hewa, na N95 lazima ishike uso pande zote. Kaka zangu wenye ndevu nene, samahani, hapo hewa inapita pembeni. Chagueni.

Nyumbani, dawa ya kwanza ni hewa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali nane za mji wa Lima, Peru. Watafiti walipima namna hewa inavyobadilika vyumbani, wakakuta kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa kuliko mitambo ya kupitisha hewa ilivyofanya, na kwamba majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyapita yale ya kisasa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba za zamani za mwambao hatashangaa. Shida ni vyumba tunavyopanga siku hizi: dari ya jipsamu iko chini, na dirisha ni la alumini la kusukuma, ambalo hata ulifungue lote linafunguka nusu tu. Humo fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, au dirisha pamoja na mlango, upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Halafu utazame wavu wa mbu. Uliosahauliwa mwaka mzima umeziba kwa vumbi, upepo haupiti. Mwagia maji, sugua kwa brashi.

Najua utaniambia mbu. Magharibi ikiingia kila mtu anafunga. Ndiyo maana nataja wavu, na chandarua kitandani. Malaria siidharau, ila chumba wanacholala watu watano kikiwa kimefungwa tangu saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri ni zawadi kwa kila mdudu anayepita kwa pumzi.

Sasa siku yenyewe ya kuugua. Homa ya mafua huanza kuambukiza karibu siku moja kabla hujajisikia vibaya, na siku chache za mwanzo ndizo kali zaidi. Maana yake ni kwamba koo likianza kuwasha mchana kazini, jioni hiyohiyo ndiyo ya kuchukua hatua, kabla hujasubiri uone "kama kitakuwa kitu". Nyumbani kwangu tuna utaratibu ambao hata watoto wanaujua. Anayekohoa anavaa barakoa akiwa ndani na wenzake, anakula barazani, na analala chumba cha pembeni. Palipo na chumba kimoja tu, mgonjwa alale karibu na dirisha, na kama kitanda ni kimoja laleni mzungu wa nne, nyuso ziwe mbali. Si kinga kamili, lakini inapunguza.

Lililo gumu zaidi ni adabu. Mama mkwe anakuja, wewe unatakiwa kumpa shikamoo na kumbusu mkono, kisha sinia la pilau linawekwa katikati mkalizunguka uso kwa uso. Ukikaa mbali unaonekana una kiburi cha kizungu cha hospitali. Mimi husema wazi kabla hajafika karibu: "Shikamoo mama, leo nina kifua, naogopa kukuambukiza, ngoja nikukalishe hapa penye upepo." Sijapata mzee aliyekasirika kwa kuambiwa anahofiwa afya yake. Wanachokasirikia ni kukimbiwa bila maelezo.

Nyungu nayo. Mvuke unaweza kukupa nafuu ya pua iliyoziba, sikatai. Lakini familia kujifunika blanketi moja juu ya sufuria moja, mmoja wao akiwa anakohoa, ni kugawana ugonjwa, na watoto wameunguzwa na sufuria hizo. Kama lazima, kila mtu na zamu yake, na mtoto mdogo asiingizwe kabisa.

Mama anayenyonyesha aliyepata mafua au UVIKO asiachishe. Avae barakoa, anawe mikono, aendelee kunyonyesha. Maziwa yenyewe yanamsaidia mtoto. Na chanjo zisichelewe. Nchini kwetu Tanzania chanjo ya penta, ambayo ndani yake imo ya kifaduro, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nimeona mara nyingi mtoto wa muuguzi ndiye aliyepitisha tarehe, kwa sababu mama yake alikuwa zamu anachanja watoto wa wenzake.

Kifua kikuu nakiweka peke yake kwa sababu hakina haraka, na hapo ndipo kinapotukamata. Mwenzangu mmoja alikohoa muda mrefu akijitibu kwa dawa za maji na antibaotiki alizojichagulia mwenyewe, kama wengi wetu tufanyavyo tukiwa karibu na kabati la dawa. Makohozi yalipopimwa yalikuwa na vimelea. Nyumbani kwake wote walipimwa. Mdogo wao, aliyekuwa chini ya miaka mitano, hakuwa mgonjwa, akapewa dawa za kinga. Hivyo ndivyo inavyopaswa. Kikohozi cha wiki mbili kwa mgonjwa tunakiandikia kipimo bila kufikiri, basi nasi tujiandikie. Na mkisikia majibu, msitenge sahani wala vikombe vya mgonjwa. Haviambukizi, vinamwaibisha tu. Tengeni hewa: madirisha wazi, chumba chake, barakoa, mpaka daktari aseme. Akianza dawa zinazofaa na kuzimeza kila siku, uwezo wake wa kuambukiza hupungua upesi.

Yote haya yanagonga mwamba kwenye rosta. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kuomba ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, kwa ajili ya mafua kulionekana uvivu. Ukikosekana, aliyebaki anabeba wodi nzima peke yake, kwa hiyo unakwenda tu, unakohoa, unawagawia wenzako, nao wanapeleka makwao. Ukiwa inchaji, weka jina la mtu wa akiba kwenye rosta ya kila wiki, hata kama ni wa kuitwa kwa simu, watu waweze kubaki nyumbani siku za mwanzo za homa bila kujiona wasaliti. Walioajiriwa hospitali binafsi wajue sheria ya ajira ya Tanzania Bara inawapa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu, mradi una cheti cha daktari. Na ukipata kifua kikuu ukiwa unahudumia wenye kifua kikuu, usikubali kiandikwe kama ugonjwa wa kawaida. Mwambie mwajiri apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nawe ubaki na nakala ya fomu, ya majibu ya makohozi, na ya rosta inayoonyesha ulikuwa wodi gani.