Mama ana mafuta kwenye uboho na kreatinini 110, tumkataze nazi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 68, anaishi Tandahimba, ni mwembamba tu wala hajawahi kuwa na kitambi. Mgongo unamsumbua tangu msimu wa korosho uliopita, tukampeleka Dar akapigwa MRI. Ripoti inasema hakuna uvimbe wala mshipa wa fahamu uliobanwa, ila uboho wa pingili za mgongo una mafuta mengi. Kwenye damu kreatinini ni 110, karatasi imeandika ipo sawa, lakini nesi mmoja akatuambia figo zimeanza kuchoka. Dada yangu kashamkataza nazi, korosho na samaki wa kukaanga. Je ni kweli mafuta ya kwenye mifupa ndo yanaharibu figo? Na kuna dawa ya kuyatoa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole mama. Naanza na dada: amrudishie mama nazi yake leo leo, hata kabla hujamaliza kusoma. Hayo mafuta ya kwenye ripoti hayajatoka kwenye sufuria.

Ukinunua mfupa wa paja wa ng'ombe kwa ajili ya supu ukaupasua, ndani unakuta ile kitu laini ya njano ambayo watoto wanagombania kuinyonya, huo ndo uboho, na ule wa njano karibu wote ni mafuta. Sasa chukua mbavu za mbuzi mdogo uzivunje, ndani utaona wekundu, hapo ndo damu inatengenezwa. Na sisi tuko hivyohivyo. Mtoto anazaliwa uboho wake karibu wote ni mwekundu, anavyokua njano inaanza kuingia kutoka mikononi na miguuni inapanda, mpaka utu uzima wekundu unabaki zaidi kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kidari na fuvu, na hata huko mafuta yanaendelea kuingia taratibu. Kwa mwanamke kuna kitu cha ziada: kabla hedhi haijakoma ana mafuta machache kwenye uboho kuliko mwanaume wa umri wake, hedhi ikikoma yanapanda kwa kasi na akifika miaka ya sitini anakuwa kashampita. Kwa hiyo mama wa miaka 68 kuonekana nusu ya uboho wa pingili zake ni mafuta, hilo peke yake halinishtui.

Tena nikwambie, mimi nikiwa na mgonjwa mzee anaumwa mgongo, damu iko chini na figo hazieleweki, kitu kinachoninyima usingizi ni mafuta KUPOTEA kwenye ile picha. Kuna aina ya picha ya MRI ambayo mafuta yanawaka meupe, pingili inatakiwa iwe nyeupe kuliko lile diski lililopo katikati ya pingili na pingili. Nikikuta pingili imekuwa nyeusi kuliko diski najua kuna kitu kimeingia kimesukuma mafuta nje, na kimojawapo ni saratani ya uboho inayoitwa maieloma, ambayo inapenda sana wazee na inakula mgongo na figo kwa pamoja. Ripoti ya mama inasema kinyume chake. Hiyo ni nafuu, ila sio ruhusa ya kulala, kipimo chake nakitaja huko chini maana maieloma ikiwa changa inaweza isionekane kwenye picha.

Sasa figo. Swali lako umeliuliza kwa kuligeuza, na sio kosa lako, hata wataalamu bado wanabishana. Iceland, pale Reykjavik, kuna utafiti mkubwa wa wazee, walipimwa mafuta ya uboho wa mgongo kwa MRI na figo kwa damu, ikaonekana wale ambao figo zimeshuka ndo wana mafuta mengi zaidi kwenye uboho. Lakini hiyo ni kama picha ya mnato, unaona watu wawili wamekaa benchi moja hujui nani kamkuta nani. Mimi ukinilazimisha nichague nitasema mkono unatoka kwenye figo kwenda kwenye mfupa zaidi kuliko kurudi, na sababu zangu ni hizi.

Figo watu wanaijua kwa mkojo tu. Kumbe ndo inayomalizia kutengeneza vitamini D iweze kufanya kazi, ndo inatoa fosfeti iliyozidi, na ndo inatoa homoni ya erithropoietini inayouamsha uboho utengeneze damu. Ikichoka, fosfeti inabaki, vitamini D inashuka, vile vitezi vidogo vya shingoni vya parathairoidi vinapiga kelele na kuanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Huku kwenye uboho kuna seli mama ambayo inaweza kuwa fundi wa kujenga mfupa au ikawa seli ya mafuta, moja kati ya hayo mawili, sasa mazingira yakivurugika seli mama nyingi zinaangukia kwenye mafuta, mafundi wanapungua, mfupa unakuwa mwepesi na damu inapungua. Uzee wenyewe unafanya hivyo, kukoma hedhi kunafanya hivyo, kisukari, dawa za steroidi zikitumika muda mrefu, halafu na njaa. Ndiyo, njaa! Mtu akikonda kwa kukosa chakula mafuta ya tumboni yanaisha ila ya kwenye uboho yanaongezeka. Ndo maana nimeanza na nazi, mama mwembamba wa miaka 68 ukimnyima nazi, samaki na korosho anabaki na ugali wa muhogo na mchicha wa maji, atazidi kukonda na uboho utazidi kuwa wa njano. Mmemfunga kamba kwa nia njema kabisa.

Kuhusu hiyo 110, nesi yuko sahihi, karatasi ndo imewadanganya. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli ambayo figo inaichuja, mwenye misuli mingi anatoa nyingi, bibi mwembamba anatoa kidogo, sasa karatasi nyingi za maabara zinaweka kiwango kimoja cha watu wazima wote. Inabidi uiingize kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia, jibu lake ndo hiyo eGFR unayoionaga kwenye baadhi ya karatasi, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu. Nimempigia mama hesabu hapa kwa kanuni ya mwaka 2021: anapata kama 47. Kijana wa bodaboda wa miaka 25 mwenye kreatinini hiyohiyo 110 anapata kama 82. Namba moja, watu wawili tofauti kabisa! Chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu tunaita ugonjwa sugu wa figo, na 47 ni daraja la tatu, upande wa juu wake. Sio wa kusafisha damu, wala msianze kuuza shamba. Ila kipimo kimoja hakitoshi kumbatiza mtu jina la ugonjwa, kirudiwe, na safari hii pimeni na mkojo, kipimo cha albumini (aina ya protini) na kreatinini ya mkojo, maana figo inayovujisha protini inashuka haraka kuliko isiyovujisha.

Sasa naomba umuulize mama swali moja ambalo nadhani hamjamuuliza: huo mgongo anautuliza na nini? Juzi hapa kaja bibi kutoka Newala, anajibu kabisa "dawa sinywi mwanangu", tukapiga stori, nikamuuliza na ule mgongo je, akafungua pindo la kanga yake, humo kuna vidonge vya diklo, ile dawa ya maumivu, kama kumi na tano havina hata boksi, anameza viwili asubuhi kimoja usiku tangu anaokota korosho, na siku ukizidi anachoma sindano ya hiyohiyo diklo. Kwake hiyo sio dawa, ni ya mgongo tu! Diklofenaki, brufen na ndugu zao zinabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, kijana anavumilia, mzee mwenye presha anayekunywa maji kidogo havumilii. Na huko kwenu juu ya uwanda wa Makonde mnajua wenyewe maji yalivyo, mtu anakaa kutwa na vikombe viwili ili ndoo imfikishe kesho. Kama mama anameza hizo, ziachwe zote, atumie paracetamol isizidi gramu tatu kwa siku, yaani vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu, halafu kreatinini irudiwe baada ya wiki mbili. Nimeona 47 ikirudi hamsini na kitu kwa hilo tu. Na dawa za mizizi za kusafisha figo naomba mziweke pembeni kwanza, najua kuna jirani kashaleta.

Dawa ya kuyatoa mafuta ya uboho hakuna, atakayekuuzia anakula hela yako. Homoni na baadhi ya dawa za mifupa zinayapunguza kidogo lakini hatumpi mtu kwa ajili ya hayo, tunampa kwa ajili ya mfupa kuvunjika, na zile zinazotumika sana, eGFR ikishuka chini ya 30 au 35 hatuzitoi. Vidonge vya kalsiamu msimnunulie mpaka kalsiamu, fosfeti na vitamini D zijulikane. Kama umeona mama kapungua urefu au kaanza kupinda, sema, hiyo inaweza kuwa pingili imebonyea na hapo maongezi yanabadilika.

Kwa hiyo mkimpeleka hospitali, Ligula au ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Ndanda pia kama ndo karibu, ombeni hivi: kreatinini tena, mkojo huo niliosema, wingi wa damu (mwanamke chini ya 12 ni upungufu), sukari, kalsiamu na fosfeti, na kile cha maieloma, elektroforesisi ya protini, wasipokuwa nacho waulizeni sampuli wanaituma wapi. Presha ipimwe akiwa amekaa ametulia, sio kashuka kwenye basi sasa hivi. Presha ndo inayoua figo za wazee wetu kuliko hayo mafuta yote tuliyoyaongelea.

Chakula: nazi ale, korosho kiganja kimoja ambacho hakina chumvi, ming'oko (ile mizizi ya porini), mbaazi, samaki, vyote ale. Cha kupunguza ni ng'onda, yaani samaki wakavu wa chumvi, na chumvi ya mezani. Maji anywe kwa kiu na zaidi kidogo, sio lita tano. Kutembea aendelee, ila ndoo ya lita ishirini kichwani wabebe wajukuu.

MRI nyingine msipige. Majibu yakitoka nitumie picha ya karatasi, ila ziba jina la mama kwa kidole kwanza.