Mwache mzee ale papai lake

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama vimeng'enya alivyotaja daktari, vile vinavyosaidia saratani ya utumbo mpana kupenya, ni hivi vya papai, ili umkataze baba. Hapana, ni vitu tofauti kabisa. Kama daktari hajamzuia kwa sababu nyingine, mwache ale.

Vile vya daktari hutengenezwa palepale kwenye uvimbe, vingi vikiwa vya kundi la MMP (vimeng'enya vinavyokata protini zinazoshikilia tishu), hasa MMP-2 na MMP-9. Chini ya seli zinazotanda ndani ya utumbo kuna utando mwembamba wenye kolajeni ya aina ya 4, yaani protini inayoupa uimara. Vimeng'enya hivi huukatakata, seli za saratani zikapata upenyo kuelekea misuli, mishipa ya damu na ya limfu. La ajabu (na mimi hunishangaza bado), vingi hutolewa na seli jirani zisizo na saratani, zilizorubuniwa tu.

Dawa za kuvizuia usizihangaikie. Mojawapo, marimastat, ilijaribiwa miaka ya 1990, ikaumiza maungio ya wagonjwa na haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Muulize daktari uvimbe umefika tabaka gani la ukuta wa utumbo, na kama tezi za limfu zimeguswa. Matibabu hupangwa kwa majibu hayo.