Muulize Mama Mlima: Kipuliza usimpe mgumu

Shikamoo Mama Mlima. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Desemba tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, walimu sita. Juzi tulifanya mazoezi hadi Morningside, kule Uluguru, nami nikabeba begi langu jipya la mgongoni. Kila nilipotaka maji, kitambaa au kipuliza changu cha pumu, ilinibidi nisimame, nivue begi, nianze kupekua. Wenzangu wakawa wananisubiri kila kona. Mwishowe nikaona aibu, nikaacha kunywa maji kabisa, na kichwa kikaniuma hadi usiku. Je, ninunue kibegi cha kiunoni? Au vitu vidogo niwape wapagazi wanibebee?
Mwalimu, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonishtua. Mpagazi hatembei na wewe. Sisi wagumu, ndivyo tunavyojiita (nilibeba mizigo miaka minne kabla sijaanza kuongoza wageni), mzigo wa kilo 20 ukishatua kichwani hatuna hamu ya kukaa nao njiani. Asubuhi mtaagana Mandara, kambi ya kwanza, na wewe ukiwa bado nusu ya safari mwenzako yuko Horombo, kambi ya pili, anachota maji ya chai yako. Kifua kikibana hapo, wewe uko mita 3,300 na dawa yako iko mita 3,720. Mpe mgumu begi la kulalia na nguo za kubadili, basi.

Kipuliza hata kwenye begi lako la mgongoni kisiingie. Kikae mwilini, mfuko wa ndani wa kifuani wenye zipu, chini ya koti. Baridi hupunguza nguvu ya ile gesi, ndiyo maana tunataka kilale karibu na ngozi. Mwambie kiongozi wako na mwalimu mmoja kipo mfuko gani, kwa sababu siku ukikihitaji kwelikweli huenda usiweze kuongea. Na daktari umwone kabla hujalipia safari. Hilo sibishani na mtu.

Sasa begi. Kosa lako si begi jipya, ni kwamba umelipanga kama sanduku la kwenda likizo. Ukiwa unatembea, kitu ambacho hukifikii kwa mkono mmoja bila kusimama ni kama hukukibeba. Umeshaona mwenyewe: maji ulikuwa nayo na hukunywa. Mlimani tunawataka mnywe lita tatu kwa siku, na hakuna anayezifikisha kwa kuvua begi kila mara. Livae likiwa limejaa, kisha jaribu kuchomoa chupa kwenye mfuko wa ubavuni. Mabegi mengine yameshonwa na mtu ambaye nadhani hana viwiko. Ikishindikana, msiumie: tunatembea kwa mstari, aliye nyuma yako akuchomolee, nawe umchomolee aliye mbele. Walimu sita mnashindwaje?

Kibegi cha kiunoni nunua, ila ukivae mbele, juu kidogo ya mkanda wa begi. Kikishindana na mkanda nyongani kitakuchubua hadi utakichukia. Mimi sikitumii. Nilimpelekea fundi cherehani mfuko niliouchana kwenye koti la mtumba, akanishonea kwenye mkanda wa begi wa bega la kushoto, kwa kuwa natumia mkono wa kulia. Humo nina kitambaa, mafuta ya mdomo, pipi za tangawizi na tishu iliyofungwa isilowe. Mwaka wa tisa huu haujafumuka. Ila usining'inize vikombe na makorokoro nje kwa vibanio. Utalia kama mbuzi mwenye kengele, na mbega wa msituni watakimbia kabla wenzako hawajawaona.

Koti la mvua liwe juu kabisa mdomoni mwa begi. Msitu ule wa kabla ya Mandara haukupi muda wa kupekua.

Usiku wa kileleni mpango wote huu unabadilika. Mnatoka Kibo, kambi ya mwisho, kwenye saa sita usiku, baridi imeshuka chini ya sifuri, na kila zipu ni adui. Nilimpandisha kijana mmoja hodari, mcheza mpira. Karibu na Pango la Hans Meyer taa yake ya kichwani ikafifia. Betri za akiba alikuwa nazo, tena mpya, chini kabisa ya begi, ndani ya kimfuko, ndani ya soksi. Akavua glavu zote mbili ili afungue. Upepo ukaichukua moja. Tuliiona ikipita kwenye mwanga wa taa yangu, mara moja tu, ikaenda. Nilimvisha soksi yangu ya akiba mkononi, na picha yake ya Uhuru, mita 5,895, anapunga soksi ya kijani.

Tangu siku ile kila ninayempandisha namfunga glavu kwa kamba inayopita ndani ya mikono ya koti, kama mtoto wa chekechea. Wanacheka tukiwa Kibo. Saa tisa usiku hawacheki.

Kwa hiyo usiku ule betri na simu zilale kifuani pamoja na kipuliza, maana baridi hunyonya chaji. Chokoleti pia, la sivyo utatafuna jiwe. Kama unanyonya maji kwa mrija, ukishameza puliza yaliyobaki yarudi ndani, yasigande humo. Mimi naamini chupa zaidi: ivishe soksi nene, ipachike kichwa chini. Barafu huanzia juu, kwa hiyo itaanzia kitakoni na mdomo utafunguka.

Jumamosi rudini tena Morningside. Jaza begi kama la safari, vaa glavu, fumba macho, na mwenzako ataje: kipuliza, maji, kitambaa, tishu. Ukihesabiwa hadi tano na hujakishika kimoja, kihamishie mfuko mwingine mrudie. Kwa kipuliza nakupa tatu.